Nailoni Juu ya Vizimba

Ilianza Ijumaa ya kwanza ya likizo ya mwezi wa sita, saa kumi na moja na dakika ishirini jioni. Saa niliiona kwenye simu ya mama, maana baba alikuwa amenituma nimuulize kama anaweza kuazima nailoni ya kitalu chake cha kabichi kule juu. Mama hakuuliza ya nini. Alisema, "Achukue, ila irudi."

Huku kwetu, njia ya kwenda Mpui, mwezi wa sita nyasi zinaamka nyeupe kwa baridi. Kitalu kisipofunikwa usiku, miche inaungua. Baba akawaza kwamba kama nailoni inaokoa kabichi, itaokoa na samaki.

Alikuwa na vizimba viwili kwenye bwawa alilochimba nyuma ya nyumba: fremu za mianzi, wavu, na madumu matupu ya kuvishikilia visizame. Ndani walikuwamo perege. Tangu baridi ianze walikuwa hawali vizuri, na baadhi walishakufa. Mama alikuwa ametamka mbele yetu sote kwamba wakiisha hawa, bwawa linafukiwa, anapanda kabichi pale. Hakuwa na hasira. Mama ni mtu wa Mbeya, akishasema jambo halirudii.

Jioni hiyo alikuwepo pia shangazi, dada yake baba, amekuja kutusalimia na mfuko wa dagaa. Aliolewa Kirando, kando ya ziwa, na tangu aolewe hali samaki asiyetoka ziwani.

"Kaka, hawa umewafunga kwa kosa gani?" aliuliza.

"Cheka tu. Jumapili utalamba vidole."

"Nikisikia ladha ya tope kidogo, narudi kwa dagaa wangu."

Baba alimwaga pumba mara mbili ya kawaida, ili walale wameshiba. Kisha akavuta nailoni juu ya vizimba, akaikaza kwa kamba mpaka upande mmoja ikalala juu ya maji. Mama akapita na ndoo yake.

"Wavalishe na soksi basi."

Shangazi alicheka mpaka akashika kiuno. Mimi nilikuwa nimeshika ncha ya kamba. Niliona pumba zinaelea na hakuna samaki aliyezifuata, lakini mbele ya watu wazima maneno huwa hayanitoki.

Asubuhi niliamka kabla yao. Nikavaa sweta la shule juu ya gauni la kulalia, nikaenda bwawani. Nailoni ilikuwa imelowa kwa ndani, kama kioo cha gari lililojaa watu. Chini yake niliona midomo. Perege walikuwa wamejipanga juu ya maji, wanaifungua na kuifunga, wote. Maji yalinuka pumba zilizochacha.

Mafundo yalinishinda, vidole vimekufa ganzi. Nikarudi jikoni kuchukua kisu, nikakata kamba, nikaivuta nailoni hadi ukingoni. Halafu nikachota maji kwa ndoo na kuyamwaga kutoka juu, tena na tena, mpaka yakatoa povu.

"Unafanya nini wewe?" Baba alikuwa nyuma yangu, blanketi mabegani. "Baridi yote hii unawafunua?"

"Wanakosa hewa," nikasema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia.

Aliinama, akachungulia. Aliweka blanketi kwenye nyasi, akaenda kutafuta ndoo nyingine. Shangazi akatoka akatukuta hivyo.

"Hee! Leo mnaogesha samaki?"

Alipoona midomo akaacha utani, akaleta sufuria.

Jua lilipopanda, perege walianza kushuka chini. Waliokufa walijaa beseni. Waliobaki ndani walikuwa wengi kuliko hao. Wachache waliokuwa taabani, bado wanahema, shangazi aliwatoa, akawapara magamba mwenyewe na kuwakaanga. Alikula mmoja, akachukua wa pili.

"Tope lipo," alimwambia baba. "Lakini linavumilika."

Mama alisimama ukingoni, akatazama beseni, akatazama vizimba.

"Kabichi zitabaki kule kule juu," alisema. "Nailoni yangu iko wapi?"

Niliisuuza, nikaipeleka kitaluni. Nyasi kavu alizofunikia mama usiku hazikutosha; miche ya mstari wa mwisho ilikuwa imeungua. Niliing'oa mmoja mmoja kabla mama hajaja kuiona.