Wasomaji wa Kinshasa

Aboubacar Amisi alikuwa mtu wa swali moja, na swali lenyewe hakulichagua yeye. Kazi yake ilikuwa kwenye ofisi ya mizigo bandarini Kalemie, na kila aliyepita dirishani pake aliuliza meli inatoka lini. Mwaka wa 2017 vita vilipozidi, barabara ya Nyunzu ikawa ya kuombea dua. Watu wakafurika mjini kutoka Manono na Kiambi, na kila mwenye ndugu Moba au Uvira akalitegemea Ziwa Tanganyika. Swali likatoka bandarini likamfuata hadi nyumbani. Aliulizwa msibani, aliulizwa akielekea msikitini, na mara moja aliulizwa akitoka kuoga, taulo kiunoni, sabuni bado masikioni.

Ndipo akafungua tovuti. Rafiki yake Twahiri, fundi wa kompyuta, alimwonyesha namna, na Aboubacar akawa anaandika kila asubuhi kwa Kiswahili chepesi: meli gani imefika, gani imeharibika, gani inapakia mizigo ya Moba. Gharama alizitoa mfukoni mwake. Polepole watu wakaacha kumuuliza, hata Papa Edmond, jirani wa ng'ambo ya uzio, ambaye zamani alikuwa akimwita kabla jogoo hajawika. Ungedhani Aboubacar angefurahi. Wapi. Alijiona kama mtu aliyesahaulika.

Mkewe Maimouna aliuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, wakavu sokoni, na hakupenda pesa iende mahali asipopaona. Jioni moja alimuuliza, akimwita kwa jina la binti yao wa kwanza kama kawaida:

"Papa Yasmine, unaandikaka kila siku. Nani anasomaka?"

"Watu."

"Watu gani?"

Swali hilo lilimchoma. Kwa hasira ndogo aliahidi kwamba mwaka ukiisha bila yeye kujua kama watu wa Kalemie wanasoma, ataifunga tovuti. Aliahidi kwa sauti ya mtu asiyejali, lakini alikuwa na hofu kweli, maana aliupenda ule ukurasa kuliko alivyowahi kukiri.

Akaweka chombo cha kuhesabu wageni wa tovuti, kile kikubwa kinachosifiwa kila mahali. Kilikuwa na rangi nyingi kama vitenge vya harusi, na kukifungua tu kulimeza mega za intaneti za siku nzima. Kilimweleza mambo ambayo hakuyauliza: umri ambao msomaji huenda anao, vitu ambavyo huenda anapenda kununua, alikotoka na alikokwenda. Katikati ya mapambo hayo yote Aboubacar aliona neno moja lililomwinua kwenye kiti. Karibu wasomaji wake wote walikuwa Kinshasa.

Kichwa kilimvimba. Mtu mwenye akili angejiuliza watu wa Kinshasa wanataka nini na meli ya ndagala, na Aboubacar alijiuliza, ila alijipa jibu lililompendeza: wakubwa wa huko wanafuatilia habari za jimbo la Tanganyika. Basi akaanza kuwaandikia wakubwa. Aliandika Kifaransa cha tai na koti, sentensi ndefu ambazo yeye mwenyewe alipumzika katikati akizisoma, na meli akazisukuma chini kabisa ya ukurasa.

Wiki hiyo hiyo Papa Edmond alimwita tena kutoka ng'ambo ya uzio.

"Papa Aboubacar, ile meli ya Moba inatoka siku gani?"

"Ilitoka jana."

Edmond alikuwa amempokea shemeji yake Falone, aliyekimbia Kiambi na watoto watatu. Mume wake alitangulia Moba kabla njia hazijafungwa, na alikuwa akiwangojea. Sasa wangekaa wiki nyingine wakilala wanne kwenye mkeka mmoja. Aboubacar alimhurumia Falone kwa dhati, lakini moyoni alifurahi kidogo, Mungu amsamehe, kwamba swali lake la zamani limerudi.

Twahiri alipopita kusalimia na kuona Kifaransa kile, alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akakitazama kile chombo chenye mapambo na kicheko kikakatika.

"Wewe ulitaka kujua nini?" aliuliza.

"Kama watu wa hapa wanasoma."

"Basi swali yako njo hiyo. Chombo kizuri kinajibu swali yako, halafu kinanyamaza. Hii inakula mega zako, tena inafuata watu nyuma. Watu wamekimbia vita, ndugu yangu. Hawataki muntu awafuate mpaka ndani ya simu."

Akakitoa, akaweka kingine kidogo, kisicho na rangi wala maneno mengi. Kilionyesha mstari mmoja unaopanda na kushuka kwa saa, na chini yake jina la mji. Hakikuuliza msomaji ni nani. Kilifunguka haraka hata mtandao ukiwa mgonjwa. Lakini hata hicho, Twahiri alipokwisha kwenda, kiliandika Kinshasa. Aboubacar akaendelea kuwaandikia wakubwa wake.

Kisha mvua kali ikapiga huko bara, miti ikaangukia nyaya, na umeme unaoletwa Kalemie kutoka kituo cha Bendera ukapotea mjini. Kwake paneli ndogo ya sola ilitosha kuwasha kompyuta, lakini mtaani simu zilianza kuzima moja baada ya nyingine, na vijana wenye jenereta za kuchajia wakapandisha bei bila haya. Aboubacar alifungua chombo chake akaona mstari umeshuka. Kesho yake ulikuwa umelala kabisa. Aliwaonea huruma watu wa Kinshasa, akidhani Kifaransa chake kimewachosha.

Umeme ulirudi mchana. Mtaa mzima ulishangilia, redio zikaamka zote kwa pamoja, na kila nyumba watu walikimbilia chaja. Aboubacar alikuwa mbele ya kompyuta. Mstari ulitikisika, ukapanda, ukaendelea kupanda. Aliutazama, akaitazama balbu iliyokuwa inawaka juu yake, akautazama tena. Umeme wa Bendera hauendi Kinshasa.

Alimpigia Twahiri, na Twahiri alimweleza kwa upole kwamba simu za hapa zinapita njia ndefu ya kampuni za simu kabla ya kufika kwenye tovuti, na chombo huandika mji wa mwisho wa njia ile. Aboubacar alishukuru, akakata. Alijua sasa kwa nini watu waliacha kumuuliza, na kwa nini Edmond aliuliza tena wiki ile ya Kifaransa. Furaha na aibu zilimjia pamoja, na aibu ilikuwa ya Falone na ule mkeka.

Alifuta Kifaransa chote. Alipiga simu bandarini, akauliza mara mbili ili asikosee, kisha akaandika juu kabisa, kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili: meli ya Moba inatoka kesho saa mbili asubuhi, wenye watoto waje mapema.

Hakuwa ameinuka bado aliposikia sauti ya Edmond ng'ambo ya uzio, ikisoma polepole na kwa nguvu kama mtu anayesomea watu wengi. Ilisoma neno kwa neno. Kisha sauti ya Falone ikasema, "Rudia," na Edmond akarudia, na watoto wakaanza kukimbia uani. Kwenye kompyuta msomaji mmoja alikuwa ameongezeka, wa Kinshasa.

Maimouna alikuwa mlangoni na beseni lake la ndagala. Naye alikuwa amesikia.

"Mwaka unaisha, Papa Yasmine. Utafunga?"

Aboubacar alimgeuzia kompyuta auone ule mstari.

"Nikifunga," alisema, "kina Falone wengine watasomewa nini?"