Bibi Fundi Aliyekataa Kufanywa Msichana

Hélène alikuwa msusi wa Bellevue, mtaa wa Johannesburg, mzaliwa wa Uvira, Kongo. Kwa miaka sita, kati ya mteja mmoja na mwingine, alichora manga, zile hadithi za picha za mtindo wa Kijapani. Shujaa wake alikuwa bibi fundi cherehani wa miaka sitini, anayemtafuta dada yake Johannesburg nzima. Vitabu vitatu alivichapisha mwenyewe, na wasomaji wakampenda yule bibi kama ndugu wa damu.

Mwaka 2018 Firmin, mwenye studio ndogo ya katuni kule Newtown, akataka kuifanya hadithi hiyo kuwa filamu. Furaha ya Hélène ilidumu wiki moja. Lambert, mfadhili, alitaka bibi awe msichana wa miaka kumi na sita, ili auze na fulana za filamu.

"Mama Hélène, nani atanunua fulana yenye sura ya bibi kizee?"

"Basi tafuteni hadithi nyingine," Hélène akajibu. Alijua bahati kama ile huenda isirudi tena. Wiki nzima alisuka akikosea mistari, wateja wakinung'unika.

Firmin akaomba wajaribu kwanza. Akatengeneza vipande viwili vya dakika mojamoja: kimoja kilifuata kitabu picha kwa picha, kingine kilikuwa na msichana. Jumamosi akavionyesha sokoni Newtown, kando ya meza ya vitabu vya Hélène, Lambert naye akiwapo.

Cha msichana, watu walitazama, wakatabasamu, wakaenda zao. Kilipokuja cha bibi, wasomaji wa zamani wakawa wanatamka maneno yake kabla hajayasema. Wageni wakaigeukia meza: "Eish, halafu inakuwaje? Dada yake anaonekana?" Kufikia saa saba mchana hakikubaki kitabu hata kimoja.

Lambert alikuna kidevu. "Nilikuwa nawaza fulana ambazo hata hazijashonwa, kumbe nafukuza wateja ambao tayari tunao. Tukifuata kitabu, hawa watakuja, na wapya watakinunua wajue mwisho wake. Bibi abaki."

"Na iandikwe kwenye mkataba," Hélène akasema. "Asibadilishwe bila mimi kukubali."

"Itaandikwa, mama."

Hélène akaketi juu ya boksi tupu, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Yaya, dada yangu, uko sawa?" Firmin akauliza.

"Niache kidogo, ndugu yangu. Acha nipumue."

Alifika nyumbani jua bado kali, akajitupa kitandani na viatu vyake miguuni, akalala fofofo.