Kikombe cha Maji ya Zumari

Fundi viatu wa mtaani kwetu huilowesha ngozi kabla ya kuishona, na harufu yake ikipanda mimi hurudi Newala, miguuni pa baba.

Baba na wenzake watatu walipuliza zumari za mfuko walizoachiwa na padri mmoja wa Masasi aliyerejea kwao Ulaya. Hakuna sherehe iliyofunguliwa bila wao, iwe mbio za mwenge au mahafali ya shule. Mfuko wenyewe, unaojazwa pumzi na kubanwa kwapani, ni ngozi, na asubuhi ya kupuliza sharti uloweshwe ndani, la sivyo hupasuka. Kwa mfuko wa baba, kazi hiyo ilikuwa yangu. Maji tuliyapandisha kutoka bondeni, ndoo kichwani, kwa hiyo mama alinipimia kikombe kimoja tu.

Siku wanunuzi binafsi wa korosho walipokuja kufungua ghala lao, na spika kubwa juu ya lori, kiu ilinishika nikayanywa yale maji.

"Umelowesha, mwanangu?" baba aliuliza.

"Ndiyo, baba."

Mbele ya umati mfuko ulipasuka kwapani mwake, ukalia kama mbuzi anayechinjwa. Watu wakacheka, spika ikawashwa, na tangu hapo kila sherehe ikawa ya spika.

Baba aliipapasa ile ngozi kavu, ndani, kwa muda mrefu. Kisha akaomba maji kwa mama muuza maandazi, akanipa mimi kikombe.

"Kunywa, mwanangu. Leo jua kali."

Nikanywa yote, nisithubutu kumwonyesha kwamba sikuwa na kiu.