Kashata za Sufian Zilivyomtafutia Dada Yake Mchumba

Wazee, kuna jamaa hapa Kitale aliwahi kujificha nyuma ya pazia la stoo, jikoni kwao, mwiko mkononi, jasho likimtiririka, huku mama mkwe mtarajiwa akiwa karibu kiasi cha kumsikia akipumua.

Jina lake ni Sufian. Fundi wa nguo, ana kibanda pale karibu na msikiti.

Msicheke bado.

Ilianza Idd. Sufian alikuwa amealikwa Bungoma kwa kina Khairunisa, msichana anayesoma Chuo Kikuu cha Kibabii, ambaye alileta buibui ikunjwe pindo akaondoka na roho ya fundi. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza familia kumwona.

Kwenda mikono mitupu ni aibu. Keki ya dukani nayo ilikuwa imeushinda mfuko wake.

Basi akafanya anachokijua. Alikaanga njugu za soko, akazitoa maganda, akachemsha sukari na iliki mpaka ikawa rangi ya asali. Akachanganya, akamwaga kwa sinia, akakata kashata. Halafu akazifunga kwa vipande vya kitenge vilivyobaki kwa cherehani, kila mtu kifurushi chake.

Kule Bungoma, Mama Yakub, mamake Khairunisa, aliuma moja tu. Akafunga macho.

"Subhanallah! Nani amepika hii?"

Sufian akafungua mdomo aseme "mimi". Ndipo akamwona Yakub, kaka mkubwa wa Khairunisa, mabega kama mlango, amekunja mikono anamwangalia.

Mdomo ukajisemea wenyewe: "Ni sista yangu. Zuena."

"Ameolewa?"

"Bado, mama."

Mama Yakub akamtazama mwanawe. Yakub akatazama dari. Khairunisa akashika mdomo, akakimbilia ndani.

Sufian alirudi Kitale akijiona mjanja sana.

Haikupita muda, simu ikaita.

"Mwanangu, Jumamosi tunakuja. Yakub anahitaji mke, na mkono wa dadako nimeuonja. Mwambie atupikie zile kashata."

Sasa, Zuena anatengeneza simu pale mjini. Simu iliyoingia maji atakurudishia nzima. Lakini jikoni ni mgeni kabisa.

"Umeniuza kwa kashata?" alifoka.

"Sijakuuza. Nimekutaja tu."

"Sufian, mimi hata ugali wangu hutoka uji!"

"Nisaidie siku moja tu, dada. Nitakushonea nguo mpaka uzeeke."

Mpango ukawa hivi. Sufian apike mapema. Wageni waambiwe yeye amepeleka nguo za mteja huko mji wa Kwanza. Zuena atoke na sinia, atabasamu, basi.

Mama Yakub, Yakub na Khairunisa wakafika kabla ya saa yao, Zuena akawaambia mlangoni kaka yake yuko Kwanza. Sukari ndiyo kwanza ilikuwa inayeyuka.

Tena Mama Yakub alikataa kukaa. "Sikuja kukalia viti. Nataka kuona huyu msichana akipika." Akaelekea jikoni moja kwa moja, Zuena akamtangulia mbio.

Sufian akaruka nyuma ya pazia. Kwa haraka ile, akaruka na mwiko.

Zuena akabaki na sufuria na kijiko cha chai.

"Mbona unakoroga na kijiko cha chai?" Mama Yakub akauliza.

"Ndio... ndio staili yetu, mama."

"Na iliki unaweka wakati gani?"

"Ikifika wakati, itasema yenyewe."

Nyuma ya pazia, Sufian aliuma mkono wa shati. Harufu ilikuwa imeanza kubadilika. Sukari ilikuwa inapita rangi ya asali inaenda kwa makaa. Akaomba Mungu Zuena apunguze moto.

Zuena akaongeza.

"Zima! Zima, inaungua!"

Pazia likaanguka. Sufian akatoka kama amechomwa, akaepua sufuria, akamwaga njugu, akakoroga mbio mbio, akamwaga kwa sinia, akalainisha juu na mgongo wa mwiko. Kazi safi.

Halafu akainua macho.

Mama Yakub hakuwa ameshtuka hata kidogo.

"Kumbe Kwanza ni karibu hivi," akasema.

Mlangoni, Khairunisa alikuwa ameegemea ukuta, machozi ya kicheko yakimtoka. "Mama alijua tangu Idd. Mimi ndiye nilimwambia ni wewe hupika."

Mama Yakub yeye hakuwa anacheka.

"Yakub hatafuti mke. Nilikuja kumwona kijana anayetaka binti yangu. Kashata ni kitu kidogo, Sufian. Kama kwa kitu kidogo unamsingizia dadako, siku ya jambo kubwa utamsingizia nani? Khairunisa?"

Sufian aliona Bungoma yote ikimponyoka.

"Niliona haya, mama," akasema polepole. "Nilidhani mtanicheka, mwanamume kupika zawadi."

"Basi nakuuliza tena. Nani amepika?"

"Mimi."

"Sisikii."

"Ni mimi nimepika!"

Ng'ambo ya ukuta, Bimla, jirani mwenye duka la vitambaa, ambaye hupata kifurushi chake kila Idd, akaitikia kwa sauti: "Sufian, sisi tunajua siku nyingi!"

Hapo hata Mama Yakub alishindwa. Alicheka mpaka akashika meza, akachukua kashata ikiwa bado moto, akasema wazee wa Kitale wakitaka kuja Bungoma kuposa, mlango uko wazi.

Zuena akauliza kama sasa anaweza kurudi kwa simu zake.

Lakini Yakub hakuwa amesema neno tangu wafike. Alimgusa Sufian bega, akamwonyesha nje kwa kichwa. Sufian akafuata. Alijua sasa ndiyo anaenda kupata yake.

Kule uani, Yakub akaangalia kushoto. Akaangalia kulia. Akainama.

"Bana," akanong'ona, "zangu hushikana kama simiti. Wewe huepua wakati gani?"

Jamani, ukimtengenezea mtu kitu kwa mkono wako, hata kiwe cha bei ya chini namna gani, simama mbele yake useme ni chako. Ukimpa mwingine sifa zako, usishangae akija kuposwa nazo.