Anti Bee Avuka Kwenda Lipe

Kwa miaka kumi na tisa Ooi Bee Lian aliwaelekeza watu baharini. Nyumba yake ya wageni ilikuwa kichochoroni George Town, katika kisiwa cha Penang. Ilikuwa nyumba nyembamba na ndefu aliyoachiwa na mama mkwe wake, yenye vitanda kumi na vinne vya kupandana na bafu mbili. Wageni wake walikuwa vijana wa mabegi ya mgongoni. Waliingia wananuka jasho na chumvi, wakalala, wakafua, kisha wakamuuliza, "Anti, sasa twende wapi?" Naye, huku akikunja mashuka, aliwapangia safari: treni fulani, boti ya asubuhi na si ya mchana, ufuo huu na si ule. Alikuwa na sauti ya mtu asiyebahatisha. Wengi aliwatuma Lipe, kisiwa cha upande wa Thailand, kwa kuwa ndiko alikokusifu kuliko kote.

Mwezi wa pili wa mwaka mmoja, binti wa Chile aitwaye Ignacia alirudi kutoka huko, pua imembambuka kwa jua. Alikunywa maji glasi mbili ndipo akasema.

"Anti Bee, ile njia ya mkato ya msituni uliyoniambia haipo. Nimezunguka saa nzima na begi mgongoni. Wenyeji wanasema pamejengwa zamani sana." Akasita. "Wewe ulienda lini mara ya mwisho?"

Bee Lian alikuwa ameshika foronya. Angeweza kudanganya.

"Sijawahi kwenda," alisema.

Ignacia hakucheka, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alisema tu kwa upole, "Basi siku moja uende, Anti," akapanda juu kulala.

Si kwamba hakutaka. Marehemu mumewe, Teik Hooi, kila mwaka alisema mwakani, na mwakani ulipofika palikuwa na paa linalovuja au mgeni mwenye homa. Alichokijua kuhusu Lipe alikiokota midomoni mwa waliorudi, kipande kwa huyu, kipande kwa yule, mpaka akaona ni chake.

Kesho yake alimweleza Kamariah, mjane mwenzake, aliyeuza wali wa nazi kwa dagaa pale barazani pake miaka hiyo yote.

"Kumbe miaka yote unanadi samaki hujamwona," Kamariah alisema, akifunga wali kwenye jani la mgomba.

"Nilisema nilivyoambiwa."

"Ndivyo wasemavyo wambea wote." Akampa mteja kifurushi chake, akajifuta mikono. "Haya, twende."

"Twende wapi?"

"Huko unakokusifu. Au unangoja yule Mchile akushike mkono?"

"Na nyumba je?"

"Siew Ling si yupo? Mtoto kazaliwa humu, atashindwa kufungua mlango?"

Siew Ling, bintiye, alikubali hata kabla mama hajamaliza kuomba. Alichukua likizo kazini kwake katika mji wa Ipoh, akaja na mto wake mwenyewe.

Bee Lian alibeba begi kubwa la mgongoni lililosahauliwa na mgeni. Alitia dawa za tumbo, kamba ya kuanikia nguo, sufuria ndogo na miavuli miwili. Kamariah alikuja na begi la shule la mjukuu wake.

"Unahama, shoga?" aliuliza.

Walivuka kwa feri hadi bara, wakapanda treni kwenda mpakani, mashamba ya mpunga ya jimbo la Kedah yakiwapita kijani pande zote. Mpaka hapo Bee Lian ndiye aliyeongoza, akitaja stesheni kabla hazijafika. Walipovuka mpaka na kufika mji wa Hat Yai, mambo yaligeuka. Ofisi ya mabasi madogo aliyokuwa akiwaelekeza watu ilikuwa sasa duka la miwani. Alisimama kando ya barabara, begi likimvuta nyuma, akayatazama maandishi ya Kithai kama mtu anayetazama nyayo za kuku. Alitamani kulia.

Kamariah alimwendea mama mmoja mwenye ushungi aliyekuwa akikaanga kuku, akamsalimu kwa Kimalei. Yule mama akaitika kwa Kimalei vilevile, cha lafudhi nyingine. Muda si muda walishajuana hadi majina ya wajukuu, kuku ameliwa, na binamu wa yule mama aliyekuwa akienda bandari ya Pak Bara amewapa viti vya mbele.

"Umemwambia nini?" Bee Lian aliuliza.

"Nimemwambia nina bibi mkubwa hapa, anajua njia zote isipokuwa hii."

Bee Lian alinuna mpaka bandarini. Kwenye boti wimbi la kwanza liliwalowesha tangu kichwani hadi miguuni. La pili lilimkuta anacheka.

Lipe ilikuwa na rangi zile alizosimuliwa, lakini mengine yote yalikuwa kombo. Ufuo aliousifia utulivu ulikuwa ukivuma muziki. Ule wa mashariki, aliokuwa akiwakataza watu, ndio uliokuwa kimya. Na katika nyumba ya wageni waliyofikia, Rattana, msichana wa mapokezi, alimwambia, "Mama, kilichobaki ni kitanda cha chini kimoja na cha juu kimoja."

Kamariah alikuwa ameshalala kile cha chini. Bee Lian alipanda ngazi ya vyuma vyembamba, akafika katikati, miguu ikakataa. Kijana mmoja Mholanzi, mrefu kama mlango, alimteremsha polepole na kumwachia kitanda chake cha chini.

"Vitanda vyangu ngazi zake ni hizihizi," Bee Lian alinong'ona gizani.

"Nilikuwa nadhani wageni wako wanalia kwa kukumbuka kwao," Kamariah alijibu.

Siku ya pili Rattana alimkuta akifagia mchanga mlangoni. Kamariah akaja akamnyang'anya ufagio, akamwongoza hadi majini. Hawakujua kuogelea. Walikaa kitako na nguo zao, maji yakiwafika kifuani, samaki wadogo wakiwadonoa vidole. Kwa muda mrefu hakuna aliyewaita, wala aliyeuliza taulo.

"Teik Hooi angepapenda?" Kamariah aliuliza.

Bee Lian alifikiri. "Angelalamikia mchanga."

"Wangu angelala tu."

"Basi tukae kwa ajili yao na sisi wenyewe," Bee Lian alisema, akarefusha miguu.

Waliporudi siku ya saba, nyumba ilikuwa imesimama. Siew Ling alikuwa amehamisha vitanda viwili, na hakuna mgeni aliyelalamika. Bee Lian aliita seremala akaviwekea vitanda ngazi pana za mbao. Vijana wakimuuliza juu ya mahali asipopajua, siku hizi husema, "Huko sijafika. Ukirudi uniambie."

Na kila mwaka yeye na Kamariah hutoka wiki mbili. Wamekwenda Melaka, wakaenda Singapore, wakagombana siku nzima kwa kupotea. Mwaka jana walikuwa katika mji wa Hoi An, mbali zaidi, mvua ikanyesha siku nne mfululizo. Kamariah alijifunza kukata tambi za mchele kwa mwenye nyumba, mama wasiyeelewana naye hata neno moja, wakichekana kila tambi ilipokatika vibaya. Bee Lian alilala mchana kutwa chini ya dirisha, mdomo wazi, na hakuna aliyemwamsha.