Honi za Nyakanazi

Deodata alikuwa amepika ugali na maharage kwenye njia panda ya Nyakanazi kwa miaka mingi, na honi za malori alizizoea kama watu wa ziwani wanavyozoea mawimbi. Lakini asubuhi ile dereva mmoja alibonyeza honi nyuma kabisa ya kibanda chake, na mwiko ukamponyoka. Alianguka bila hata kupiga kelele. Mumewe, Gidioni, aliyekuwa akipasua kuni, alimkuta macho yamegeuka, mikono inatetemeka.

"Kifafa," watu wakasema, wakarudi nyuma.

Deodata alizinduka mwenyewe, jasho likimtoka, bila kujua kwa nini yuko chini. Hakuumia. Kilichomtia hofu ni kwamba alimkumbuka dada yake, Scola. Scola naye aliitwa mwenye kifafa, kule kwao Ngara. Siku moja simu ililia ghafla karibu na sikio lake akiwa amejilaza mchana, naye hakuamka tena. Mama yao alisema amerogwa.

Deodata alianguka tena, safari hii kwa mlio wa pikipiki, ndipo Gidioni akamwambia, "Mama Anneth, mimi sitakuzika kwa maneno ya watu. Twende hospitali."

Walipelekwa hadi Mwanza. Daktari mmoja, mama wa makamo aliyeitwa Consolatha, alimbandika nyaya kifuani, mikononi na miguuni, karatasi ikatoka imejaa mistari ya vilima. Aliitazama kwa muda mrefu mno.

"Niambie tu, daktari," Deodata akasema.

"Mama, hiki si kifafa. Moyo unaendeshwa na umeme mdogo. Kila ukipiga, lazima umeme huo utulie kwanza ndipo upige tena. Wako unachelewa kutulia. Ukishtuliwa wakati haujatulia, umeme unapotea njia, unazungukazunguka ndani ya moyo. Moyo unabaki kutetemeka tu, damu haiendi, nawe unaanguka."

"Halafu unatulia wenyewe?"

"Mara nyingi, ndiyo."

Deodata hakuuliza kuhusu zile nyingine. Akilini alimwona Scola amejilaza.

Alipewa vidonge vya kumeza kila siku, akaonywa asinywe dawa nyingine, hata ya malaria, bila daktari kujua habari ya moyo wake. Gidioni alifundishwa kukandamiza kifua kwa nguvu endapo hatazinduka. Kisha daktari akashusha sauti. "Una watoto? Hali hii hurithiwa."

Walikuwa na mmoja, Anneth, aliyesoma darasa la sita. Njiani kurudi, kila basi lilipopiga honi Deodata alijishika kifua, si kwa ajili yake, bali alikuwa akiwaza kengele ya shule, kile chuma cha gurudumu kinachogongwa kwa nondo.

Walimpeleka Anneth kupimwa. Mistari yake ilifanana na ya mama yake.

"Nitakufa kama mama mkubwa?" mtoto aliuliza.

"Utameza dawa kama mimi," Deodata akamjibu.

Alikifunga kibanda. Wakahamia shambani kwa wakwe zake, ndani kabisa ya Biharamulo, mbali na barabara. Alimwendea mwalimu mkuu wa shule mpya ya Anneth, Gozbert, akamweleza akilia. Mwalimu akasema, "Badala ya kengele tutapiga makofi, mama. Watoto wana masikio." Anneth akahamishiwa dawati la mbali na mlango.

Hata hivyo radi haiombwi inyamaze. Mchana mmoja wa masika ilipasuka juu ya bati la nyumba, kali, na Anneth akaruka kutoka kwenye mkeka, akasimama amekauka. Deodata alimkumbatia, akabonyeza kiganja kifuani pake. Gidioni alikuwa ameshapiga magoti, mikono tayari.

Moyo ulipiga. Ukapiga tena, kwa haraka, lakini kwa mpangilio.

"Mama, unaniumiza," Anneth alisema.

Deodata hakumwachia. Nje mvua ilianza kunyesha, na mbali, upande wa Ngara, wingu jingine lilikuwa likiunguruma.