Nilimpa Radhi Bila Kumuuliza Safari

Kosa langu ni mdomo, ndugu wasomaji, wala sina wa kumsingizia. Nilimcheka mtu aliyekuwa akiiaga dunia. Jamani! Nilicheka mpaka nikashika mbavu.

Nitamwita Athmani. Ni rafiki yangu tangu madrasa, na kazi yake ilikuwa kuwatembeza wageni Ngome ya Yesu. Kitaliano alikimwaga kama aliyezaliwa huko, ingawa mbali alikowahi kufika ni Malindi. Barazani kwetu, hapa Mji wa Kale, tulimwita Balozi.

Kisha wageni wakaadimika. Balozi akawa anashinda pale langoni na Kitaliano chake, hana wa kumwambia. Barazani kahawa hununuliwa kwa zamu, na zamu yake ilipokaribia akaacha kuja. Mimi nikasema, "Balozi amerudishwa kwao!" Baraza zima likaangua kicheko. Nilijiona hodari.

Alasiri moja akaja mlangoni kwangu, kanzu imepigwa pasi. Akanipa mwavuli wake mkubwa wa kutembezea wageni, eti utanifaa. Nikaupokea upesi, maana wangu umevunjika.

"Ndugu yangu," akasema, "niwie radhi kama nimekukosea, kwa neno au kwa kitendo."

Sisi kutakana radhi ni ada yetu, mtu akienda Hija au Ramadhani ikikaribia. Lakini Hija ilikuwa imepita, na Ramadhani ilikuwa bado mbali. Badala ya kuuliza, nikatania.

"Kwani wenda Maka, bwana? Kwa feri ya Likoni?"

Akatabasamu. "Niwie radhi tu."

"Nimekuwia, Balozi! Ukirudi niletee tende."

Akaenda zake. Nikaingia ndani kumsimulia mke wangu huku nacheka. Mwenzangu hakucheka. Akatua sufuria.

"Baba Rukia, hukumuuliza ni safari gani?"

"Safari gani, na mtu hana nauli ya tuktuk?"

"Ndilo nikuulizalo! Na leo asubuhi amempeleka mkewe kwao Likoni, na watoto. Enda, upesi!"

Nilikimbia vichochoroni na ndara moja, mwavuli mkononi, watu wakidhani nimeuiba. Nikabisha mpaka akafungua. Aliyokuwa ameyapanga sitayaandika. Uso wake ulinitosha.

Mimi ni msemaji wa baraza. Mdomo ukatoa ulichozoea.

"Nimekuja kuichukua radhi yangu. Nimeghairi. Sikuwii!"

Akanikodolea macho. "Una wazimu wewe?"

"Ninao. Na mwavuli wako huu, siutaki."

Akacheka kidogo, kisha akalia. Akasema tangu kazi iishe alijiona mzigo, akaamini nyumba yake ingepumua bila yeye. Na kile kicheko chetu cha barazani alikisikia akipita kichochoro cha nyuma. Wallahi, hapo nami nikalia.

Hatukumwacha peke yake. Kesho yake nilimpeleka hospitali akazungumza na mshauri, na mpaka leo huenda. Tukamtafutia kibarua kwenye duka la leso, hizi kanga za kina mama, Biashara Street. Mgeni mmoja akijipitisha pale, habanduki bila leso mbili, kwa Kitaliano kile! Mshahara ni mdogo, lakini mkewe na watoto wamerudi. Salamu yangu mama yule huipokea kwa nusu mdomo, na ana haki.

Siku hizi biashara imelala, na mji unanong'ona: fulani amejiua, fulani alitaka kujiua. Twasema ni jini, ni uhaba wa imani. Hatusemi kwamba riziki yake ilikatika na sisi tukamfanya kichekesho. Jamani, mwenzenu akipoteza kazi akalikimbia baraza, mfuateni na kahawa yake! Akigawa vitu vyake na kutaka radhi bila safari, msicheke kama mimi. Muulizeni waziwazi kama anataka kujiua. Kuuliza hakumwingizii wazo hilo kichwani. Kisha kaeni naye, mumpeleke kwa wanaojua kusaidia.

Balozi amerudi barazani, na mzaha ameuchukua yeye. Kila jioni akiinuka kwenda kwake, hujikung'uta kanzu na kusema, "Haya jamani, niwieni radhi."

Nasi sote humjibu kwa sauti moja: "Hatukuwii! Rudi kesho uombe tena."